Kompyuta Imekuwa Nyeusi Baada ya Kuongezwa Kumbukumbu: Usiiuze Kwanza

Somo kwa vikundi vya vijana, walimu, wanakamati na kila mwenye kompyuta ya kubeba



Kompyuta za kubeba zilizokwisha kutumika sasa ni nyingi kati yetu. Aliye upande wa Nyarusange huinunua Gitega mjini, aliye Muyinga hupata kwa wafanyabiashara wa huko. Nyingine huletwa na ndugu walioko Bujumbura, na nyingine ni za vikundi vilivyochanga faranga kidogo kidogo mpaka vikapata moja. Nyingi zilifanya kazi miaka mingi katika ofisi za nchi za mbali kabla ya kutufikia. Mwili wake bado mzima, lakini kumbukumbu yake ni ndogo, mara nyingi gigabaiti 2 (GB 2), na programu za siku hizi zinataka zaidi. Ndiyo maana unabonyeza barua ifunguke, unakwenda kuteka maji, unarudi bado inafikiri.

Mwenye mashine anashauriwa aongeze kumbukumbu. Ushauri ni mzuri na kazi yenyewe haina gharama kubwa. Ananunua kile kibao chembamba ambacho mafundi wa Bujumbura na Bukavu wanakiita bareti, anakiweka, anabonyeza kitufe cha kuwasha. Taa inawaka, feni inazunguka, kioo kinabaki cheusi. Hapo ndipo hasara inapoanza. Majirani wanasema mashine imekufa. Anatokea mtu wa kuichukua kama vipuri, kwa bei isiyofika hata ya chaja yake, na mwenye mali anakubali kwa sababu ameshakata tamaa.

Somo hili limeandikwa kwa ajili ya saa hiyo. Mashine iliyowaka vizuri asubuhi, ikawa nyeusi jioni mara tu baada ya kuwekewa bareti, kwa kawaida haijafa. Ama bareti haikukaa sawasawa, ama si ya aina yake, ama ni chafu au mbovu. Yote manne unaweza kuyachunguza mwenyewe kwa bisibisi moja na subira.

KUMBUKUMBU SI GHALA

Kwanza tuondoe hofu moja inayoletwa na jina lenyewe. Wengi wakisikia "kumbukumbu" wanadhani ndimo zinamokaa picha na barua zao, na kwamba ukiitoa bareti vitu hivyo vinapotea. Si hivyo.

Fikiria mama anayechagua maharage. Maharage yote yako ndani ya gunia. Hawezi kuyachagua yakiwa guniani, kwa hiyo anamimina kiasi juu ya ungo, anachagua, anarudisha, anamimina mengine. Gunia ndiyo diski ya kompyuta: humo zimo picha, barua, nyimbo na programu zote, ziwe na umeme zisiwe na umeme. Ungo ndiyo kumbukumbu. Ungo ukiwa mdogo, mama anainuka kila mara kwenda guniani, na kazi inachelewa. Ndiyo ile taa ndogo ya diski unayoiona inametameta bila kupumzika wakati mashine imekwama. Ukimpa ungo mkubwa, anakaa chini anafanya kazi.

Ukiutoa ungo, gunia halijaguswa. Ukiweka ungo uliotoboka, kazi haifanyiki, lakini gunia liko palepale.

Kumbukumbu ya namna hii ilibuniwa na mhandisi wa kampuni ya IBM, Robert Dennard, aliyepewa hataza yake mwaka 1968. Kila chembe yake ni kama kikombe kidogo kinachovuja, na mashine inakijaza upya zaidi ya mara 15 kila sekunde. Umeme ukikatika, vikombe vyote vinakauka mara moja. Ndiyo sababu barua uliyokuwa ukiandika bila kuihifadhi inapotea jua likizama na betri ya sola ikaisha, lakini ile uliyoihifadhi jana ipo.

Kwa hiyo kioo kikiwa cheusi, vyeti vya shule ulivyopiga picha, sura za wazazi wako na barua za ndugu bado vimo. Familia iliyofika Gasorwe kambi ilipofunguliwa mwaka 2002 ina karatasi za zaidi ya miaka 20, na nyingine kati ya hizo zimebaki ndani ya mashine tu, kwa sababu zile za mkononi zilinyeshewa au kuliwa na mchwa. Usiuze gunia kwa sababu ya ungo.

KABLA YA KUNUNUA

Hakikisha kwanza kwamba tatizo ni kumbukumbu. Mashine ikiwa inafanya kazi, bonyeza kwa pamoja Ctrl, Shift na Esc (kwenye kibodi za Kifaransa ni Echap). Dirisha linalofunguka linaonyesha ni asilimia ngapi ya kumbukumbu inatumika. Ikiwa daima iko juu ya 85 au 90 hata ukifungua vitu viwili tu, bareti itasaidia. Ikiwa iko 40 na bado mashine ni kobe, tatizo liko kwingine: diski inachoka, au vumbi limeziba feni na mashine inajipunguzia kasi kwa sababu ya joto. Hapo usinunue bareti, safisha vumbi.

Kisha jua aina. Bareti za kompyuta za kubeba si kitu kimoja. Zilizo nyingi kwetu ni za vizazi vitatu: DDR2, DDR3 na DDR4. DDR2 ina meno 200, DDR3 ina meno 204, DDR4 ina meno 260. Huna haja ya kuhesabu meno. Tazama karatasi iliyobandikwa juu yake: PC2 ni DDR2, PC3 ni DDR3, PC4 ni DDR4. Pengo lililo katikati ya meno liko mahali tofauti kwa kila kizazi, na lilifanywa hivyo makusudi ili isiingie isipopaswa. Bareti ikikataa kuingia, usiilazimishe. Geuza uone pengo linatazama wapi. Likiwa bado halilingani na kijino cha ndani ya nafasi, umenunua isiyo yake.

Katika DDR3 kuna mtego ambao umewaumiza wengi, nao ni herufi moja. PC3 inatumia umeme wa volti 1.5. PC3L, yenye herufi L, inaweza kutumia 1.35. Zote mbili zina meno sawa na pengo mahali pamoja, zinaingia bila shida. Mashine inayotoa volti 1.5 kwa kawaida inapokea PC3L pia. Lakini mashine nyingi zilizotengenezwa kuanzia mwaka 2013 zinatoa 1.35 tu, na ukiziwekea PC3 ya kawaida haziwaki.

Kikundi kimoja cha vijana kilikutana na jambo hilo. Walipeleka mashine mjini ikiwa nyeusi, fundi akaishika dakika chache, akasema bodi imeungua, akaomba aichukue kama vipuri. Walikataa, si kwa ujuzi, bali kwa sababu watu kumi na wawili walikuwa wamechangia na hakuna aliyekuwa na ruhusa ya kuiuza peke yake. Tulipoiweka mezani na kusoma karatasi za bareti, ya zamani ilikuwa na L, mpya haina. Ya zamani iliporudishwa mashine iliwaka mara ya kwanza. Bareti mpya waliibadilisha kwa aliyewauzia, wakaongeza faranga kidogo, na mashine inachapa barua za watu mpaka leo.

Mtego mwingine uko kwenye mashine za miaka ya 2008 hadi 2010 zinazotumia DDR3. Nyingi kati yake zinakubali bareti ya GB 4 ikiwa tu ina vipande vyeusi 16, yaani 8 kila upande. Ile yenye vipande 8 kwa jumla, ingawa imeandikwa GB 4 vilevile, mashine haiitambui au inaona nusu yake. Hesabu vipande kabla ya kulipa.

Ipo pia mipaka ya mashine yenyewe. Zile ndogo sana zenye kioo cha inchi 10, zilizoenea kati ya 2008 na 2011, nyingi haziwezi kupita GB 2 hata ukiziwekea nini. Na Windows ya biti 32 haiwezi kutumia zaidi ya GB 4, kwa kawaida inaonyesha 3 na kitu. Kujua yako ni ipi, bonyeza kitufe chenye alama ya Windows pamoja na R, andika msinfo32, kisha Enter. Palipoandikwa aina ya mfumo, x64 ni biti 64, x86 ni biti 32. Jina na namba ya mashine vinaonekana hapohapo. Viandike kwenye karatasi.

Njia iliyo salama kuliko zote ni kwenda dukani na bareti ya zamani, ukiwa umeifunga ndani ya karatasi safi, ukaomba inayolingana nayo maandishi kwa maandishi isipokuwa ukubwa. Patana na muuzaji mapema kwamba ikikataa utairudisha. Asiyekubali neno hilo, nenda kwa mwingine.

KUFUNGUA NA KUWEKA

Fanya kazi hii mchana, juu ya meza, si juu ya blanketi wala turubai la plastiki. Wakati wa kiangazi, kati ya Juni na Septemba, hewa ni kavu na mwili unabeba umeme mdogo, ule unaotoa cheche unapovua sweta usiku. Cheche hiyo haikudhuru wewe, lakini bareti inaweza kuharibika bila alama yoyote. Kabla ya kugusa ndani, shika kitu cha chuma kilichosimama ardhini, na ukiinuka ukarudi, shika tena. Bareti ishike pembeni, usiguse meno ya rangi ya dhahabu kwa vidole vyenye jasho.

Zima mashine kabisa. Kulala siyo kuzima. Kwenye Windows 8 na 10, shikilia kitufe cha Shift wakati unachagua kuzima, la sivyo mashine inajiwekea alama ya kuamka haraka, na ikiamka ikakuta kumbukumbu imebadilika inaweza kuchanganyikiwa. Chomoa chaja. Toa betri. Kisha bonyeza kitufe cha kuwasha ukishikilie kwa sekunde 30 hivi ili umeme uliobaki uishe. Watu wanaruka hatua hii kwa sababu haionekani kufanya kitu, lakini ndiyo inayolinda bodi.

Kwa mashine nyingi kuna kifuniko kidogo upande wa chini chenye skrubu moja au mbili. Baadhi zina nafasi moja chini na nyingine imejificha chini ya kibodi. Ukifika kwenye kibodi, kumbuka kuna utepe mwembamba unaoiunganisha na bodi. Ukiuvuta kwa nguvu utaongeza tatizo la pili juu ya la kwanza. Skrubu ziweke ndani ya kifuniko cha chupa, na zenye urefu tofauti ziweke mbali mbali, maana skrubu ndefu ikiingia mahali pa fupi inatoboa. Zipo pia mashine nyembamba ambazo kumbukumbu yake imechomelewa kwenye bodi. Hizo haziongezwi, na anayekuambia atakuongezea anataka pesa yako.

Bareti haiingii kwa kulazwa. Iinamishe, iingize kwa mshazari mpaka meno ya dhahabu yakaribie kutoweka yote, ndipo uibonyeze chini, na vibanio viwili vya pembeni vijifunge vyenyewe kwa mlio mdogo. Usiposikia mlio, haijakaa. Bareti nyingi zinazoitwa mbovu kambini zilikosa tu huo msukumo wa mwisho, kwa sababu mtu aliogopa kuvunja.

KIOO KIMEBAKI CHEUSI

Kwanza subiri. Mara ya kwanza baada ya kubadilisha, mashine inaweza kukaa dakika moja au zaidi ikihesabu kumbukumbu mpya. Nyingine zinatoa maandishi ya Kiingereza au Kifaransa yakisema kiasi cha kumbukumbu kimebadilika na kukuomba ubonyeze F1 au F2. Hilo si kosa, ni habari. Bonyeza linachokuomba, uendelee.

Dakika tano zikipita bila kitu, tazama na kusikiliza. Ikiwa hakuna taa yoyote wala feni, tatizo ni umeme: chaja, betri, au waya uliolegea ulipofungua. Ikiwa taa zipo, bonyeza kitufe cha herufi kubwa. Taa yake ikiwaka na kuzima kila unapobonyeza, kompyuta iko hai na huenda shida ni ya kioo. Mulika kioo kwa tochi ya simu kwa pembeni, uone kama kuna picha hafifu. Mashine ikilia pii, pii, hesabu milio. Katika mashine nyingi za HP za zamani, taa ya herufi kubwa inayometameta mara 3, ikatulia, ikarudia, inasema: sioni kumbukumbu nzuri. Huo ni ujumbe mzuri kuupata, maana mashine iliyokufa haisemi.

Sasa zima kwa kushikilia kitufe sekunde 10, chomoa chaja, toa betri, shikilia tena kitufe sekunde 30. Toa bareti mpya. Rudisha ya zamani peke yake, mahali pale ilipokuwa. Washa.

Ikiwaka, pumua. Mashine ni nzima, na vitu vyako vyote vimo. Kabla ya kuendelea na jaribio lolote, chukua flashi na nakili zile karatasi usizoweza kuzipata tena.

Isipowaka hata na ya zamani, usiseme imekufa bado. Huenda ya zamani nayo haikukaa vizuri, au vumbi limeingia kwenye nafasi ulipofungua. Itoe, tazama ndani ya nafasi kwa tochi, ondoa vumbi kwa brashi laini iliyokauka. Usipulize kwa mdomo, unaingiza mate. Meno ya bareti yasugue polepole kwa kifutio safi cha penseli, ukielekea upande mmoja, na uchafu wa kifutio uuondoe wote kwa kitambaa kikavu kabla ya kurudisha. Ukipata alkoholi ya dukani ya dawa, ya asilimia 90, kitambaa chenye unyevu wake kinafaa zaidi, kisha uache ikauke. Jaribu tena nafasi ya kwanza, halafu ya pili.

Bado? Ndani ya mashine nyingi kuna betri ndogo ya duara, kama ya saa, inayotunza tarehe na mipangilio. Itoe dakika kumi, irudishe, jaribu. Ikiwaka baada ya hapo, tarehe itakuwa imerudi nyuma miaka mingi. Irekebishe, la sivyo kurasa za intaneti zitakataa kufunguka na utadhani ni tatizo jipya.

Ukishaona mashine inawaka na bareti ya zamani, ndipo uchunguze mpya. Hapa kanuni ni moja tu, nayo inawashinda wengi kwa haraka: badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, na andika. Weka mpya peke yake nafasi ya kwanza, washa, andika. Weka mpya peke yake nafasi ya pili, washa, andika. Fanya hivyo kwa ya zamani pia. Kila mara zima, chomoa, toa betri. Zipo mashine zisizokubali nafasi ya pili ijae na ya kwanza iwe tupu, kwa hiyo usihukumu nafasi ya pili mpaka umejaribu bareti zote mbili humo.

Karatasi yako itakujibu. Mpya ikikataa kila mahali na ya zamani ikakubali, bareti mpya ni mbovu au si ya mashine hiyo. Irudishe kwa muuzaji. Kama hakuna bareti inayokubali nafasi ya pili lakini zote zinakubali ya kwanza, nafasi ya pili ina uchafu au imeharibika, na bado unaweza kuishi vizuri na bareti moja kubwa katika ya kwanza. Zikikubali kila moja peke yake na kukataa zikiwa pamoja, hazipatani. Ukubwa tofauti si kosa, na kasi tofauti mara nyingi hufanya kazi, yenye kasi ikiifuata ya polepole. Lakini mashine nyingine ni za kuchagua. Jaribu kuzibadilishana nafasi. Zikikataa tena, bakiza ile kubwa peke yake.

IMEWAKA, LAKINI...

Wakati mwingine mashine inawaka na kuonyesha pungufu. Umeweka jumla ya GB 4, inasema 3. Kama ni Windows ya biti 32, ndiyo kikomo chake, hujaibiwa. Kama inaonyesha nusu kabisa, fungua uone bareti moja haikubanwa, au rudi kwenye hesabu ya vipande 16.

Jambo baya zaidi ni mashine inayowaka vizuri, inafanya kazi saa moja, halafu inaonyesha kioo cha bluu na kujiwasha upya, leo kwenye barua, kesho kwenye picha. Hiyo inaweza kuwa bareti yenye sehemu iliyooza. Nasema ni mbaya kwa sababu haikuzuii kufanya kazi. Unaandika, unahifadhi, na kilichohifadhiwa kimekwisha haribika ndani ya ungo kabla ya kurudi guniani. Mwanafunzi anayeandaa mtihani wa serikali anafungua kazi yake ya miezi miwili na kukuta herufi zisizosomeka. Ukiwa na shaka hiyo, usinakili kitu kwa kutumia bareti mpya. Rudisha ya zamani kwanza, ndipo unakili kwenye flashi, na mwisho ndipo upime.

Kupima hakuhitaji intaneti. Bonyeza alama ya Windows pamoja na R, andika mdsched, Enter, kubali mashine ijiwashe upya. Itapima yenyewe na kukupa jibu ikirudi. Kipimo kikali zaidi ni Memtest86+, programu ya bure inayowekwa kwenye flashi na kuwashwa kabla ya Windows. Inaweza kuchukua saa kadhaa kumaliza mzunguko mmoja, kwa hiyo ianze asubuhi jua likiwa linapanda, si jioni kwenye betri. Kosa moja tu linatosha. Bareti yenye kosa moja si "nzuri kidogo", ni mbovu.

UKILAZIMIKA KUIPELEKA KWA FUNDI

Mafundi wengi ni watu waaminifu na wana vifaa tusivyo navyo. Lakini kumbuka kilichomo ndani ya mashine zetu. Mwanakamati ana orodha za majina ya familia na namba zao. Mwingine ana barua za kesi yake, zenye kueleza alichokimbia na nani alimfanyia. Mambo hayo hayapaswi kukaa wiki nzima kwenye rafu ya duka ambako kila mtu anaingia.

Kwa hiyo toa diski kabla ya kwenda. Katika mashine nyingi za zamani iko chini ya kifuniko chake, imeshikwa na skrubu moja au chache, na inatoka kwa kuvutwa taratibu kuelekea upande mmoja. Ifunge kwa kitambaa kikavu, iache nyumbani. Fundi akisema hawezi kupima kumbukumbu bila diski, si kweli: mashine isiyo na diski inawaka, inaonyesha jina la kampuni yake, kisha inalalamika kwamba haioni diski. Hilo linatosha kujua kumbukumbu inafanya kazi. Diski utaipeleka tu ikiwa diski yenyewe ndiyo inayotengenezwa, na hapo ukae pale mpaka amalize.

Mpe ile karatasi yako: jina na namba ya mashine, maandishi ya bareti zote mbili, na matokeo ya kila jaribio. Mwombe apime mbele yako kwa bareti yake anayojua ni nzima. Akisema bodi imeungua, mwombe akuonyeshe, na usikubali kuuza siku hiyohiyo. Tia sahihi kwenye daftari lake ukiandika bareti ulizoacha na namba zake. Ile ya zamani, iliyoiwasha mashine miaka yote hiyo, usimwachie. Irudi nyumbani nawe mfukoni.